Aliyeitika Ngomeni

Rafiki yetu Kafedha wa Junda alikwenda na wanakanisa wenzake kutembelea hifadhi ya pwani yenye ngome kongwe. Aliandamana na bintiye Dama, ambaye anasikia lakini hajawahi kutamka neno. Mtoto akiitwa sharti aitike, naye Dama huitika kwa kupiga kofi. Kila alfajiri mama alimwombea afunguliwe ulimi kama Zakaria.

Adhuhuri, Dama akatoweka ufukweni. Kafedha alimtafuta ngomeni, hadi chumba cha ndani, chenye giza zito na mvumo wa mawimbi chini ya kuta.

"Dama!"

"Abee, mama."

Kafedha akapaza sauti: "Bwana amesikia! Itika tena, mwanangu!"

"Abee, mama."

Imeandikwa, zijaribuni hizo roho. Lakini ni nani atakayemlaumu mama mwenye kiu ya namna ile? Akanyoosha mikono gizani, akasogea.

Nyuma yake, mlangoni, likasikika kofi.

Akageuka. Dama alikuwa amesimama penye mwanga, midomo imefumbwa, machozi yakimtiririka.

Kafedha hakuita tena. Wala hakuna mwingine aliyeita. Lakini gizani, karibu kabisa na sikio lake, sauti ikaitika:

"Abee, mama."