Ukurasa wa Darini

Saa mbili asubuhi, mchoraji alifungua droo aliyopewa katika kiwanda cha uchapaji, akakuta ukurasa mmoja wa kitabu chake hauko. Kilikuwa kitabu cha picha, kisa cha utoto wake wakati wa mapinduzi na vita vilivyofuata. Kufuli lilikuwa zima. Ukurasa uliopotea ulimwonyesha mama yake akimficha darini mwalimu, jirani yao, usiku aliokuwa akisakwa.

Mpelelezi alifika, akauliza kitabuni nani kachorwa vibaya. Akatajiwa fundi mkuu wa mitambo pale kiwandani, ambaye ujanani alikuwa mwanamgambo na alichorwa akiwa na bunduki yake. Ufunguo wa akiba wa droo alikuwa nao yeye. Mpelelezi hakungoja zaidi. Alimpekua mbele ya vijana ambao fundi huyo aliwafundisha kazi, hadi viatu akamvua. Mzee wa watu hakubisha.

"Picha yangu ni ya kweli, afande," alisema. "Na mbona ipo?"

Ilikuwepo kweli, haijaguswa. Mpelelezi akatambua kosa lake. Mwizi aliziacha picha zote za aibu, akachukua ya sifa.

Akamuuliza mchoraji nani mwingine aliisogelea droo. Alikuwa mama yake tu, aliyekuja jana jioni kutazama picha, akabaki nazo peke yake mchoraji, bintiye, alipotoka kupokea simu. Aliporudi alifunga droo bila kukagua.

Mpelelezi na mchoraji walimkuta mama nyumbani, anakunja nguo. Safari hii mpelelezi aliomba ruhusa ya kukaa, akauliza taratibu, "Mama, mwalimu alikaa darini muda gani?"

Mikono ya mama ikasimama.

"Hakupanda. Aligonga, nikamwambia aende zake, nina mtoto ndani. Wakamkamatia njiani." Akamgeukia binti yake. "Asubuhi ukaniuliza nani alikuwa anagonga. Nikakudanganya kwamba nilimficha. Sikujua utakuja kunichora."

Ukurasa alikuwa ameuchoma. Mjane wa mwalimu bado yu hai, alieleza. Angekisoma kitabu, angekuja kumshukuru kwa wema ambao hakuutenda. Hilo ndilo lililomshinda.

Binti akatoa penseli, akauliza mwalimu alivaa nini aliposimama mlangoni.

Mpelelezi aliwaacha, akarudi kiwandani. Aliomba vijana wale wale waitwe, akamtaka radhi fundi kwa sauti, wote wasikie. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akarudi kwenye mtambo wake.