Draiv Tupu

Rafiki yangu ni fundi kompyuta, na tangu haya yampate hapokei tena diski za zamani.

Shangazi yake alimletea flopi yenye picha pekee iliyobaki ya marehemu mumewe, akicheka siku ya harusi yao. Rafiki yangu alishinda akihangaika na kompyuta yake ya Linux mpaka mgongo ukafa ganzi. Alibadilisha waya, akasafisha kichwa cha draiv, kifaa cha kusomea flopi, akazima taa ili aone vizuri kioo kilichofifia.

"Mwanangu, acha. Umechoka," shangazi alisema gizani.

"Mara moja tu, shangazi. Nikishindwa nitaenda kufuga kuku."

Hatimaye diski ikafunguka. Alipobofya picha, draiv ikakwama, naye kwa uchovu akaichomoa flopi bila kuitenganisha kwanza na mfumo wa kompyuta, kosa ambalo huwagombezea wanafunzi wake wa ufundi kila siku.

Draiv ikaanza kusoma. Krr. Krr. Flopi ilikuwa mkononi mwake. Picha ikashuka kwenye kioo mstari baada ya mstari: nywele, macho yaliyofumbwa, ukosi wa shati jeupe.

"Ndiye," shangazi alinong'ona. "Lakini shati hilo nililinunua la kumzikia."