Breki Iliyokataa Kuachia

Kitu cha kwanza alichokigundua Kimya kilikuwa kidogo sana: kila kaka yake alipopunguza moto wa pikipiki, paji lake la uso liligonga mgongo wa kaka. Asubuhi haikuwa hivyo. Asubuhi, moto ukipunguzwa, pikipiki iliteleza yenyewe mbali, kama mtumbwi uliosukumwa. Sasa ilisita kama mbuzi anayevutwa kamba.

Nyumba za mwisho walikuwa wameziacha saa mbili nyuma. Mbele yao kulikuwa na uwanda mtupu wa changarawe, na mwisho wa uwanda kambi ya wachimba chumvi, ambako kaka yake, fundi wa pikipiki na pampu, alikuwa ameitwa kutengeneza pampu. Yeye Kimya alikuwa msaidizi wake. Jina hilo kaka ndiye aliyempa, kwa kuwa tangu utotoni ukimuuliza jambo anatazama vidole vya miguu.

Alifungua kinywa aseme, "Kaka, breki inabana." Upepo ukamjaa mdomoni. Akakifunga.

Kisha ikaja harufu, kama ya mpini wa sufuria ulioachwa motoni.

"Nani anaunguza ugali huku nyikani?" kaka alipiga kelele akicheka. Akaminya mkono wa breki ya mbele kuujaribu. Haukuminyika. Ulikuwa mgumu kama jiwe, na wakati huo walikuwa wameanza kushuka kwenye korongo kavu.

Gurudumu la mbele lilisimama ghafla. Pikipiki ikainuka nyuma, mbingu ikapita chini ya miguu ya Kimya, changarawe ikampiga begani.

Alipoinua kichwa, injini ilikuwa bado inalia. Alitambaa akaizima. Dumu la maji la lita tano lilikuwa limepasuka, na mawe yalikuwa yanayanywa maji yao mbele ya macho yake. Iliyosalia ni chupa moja ndogo, tena nusu.

"Kimya! Mzima?"

"Mzima."

"Mimi nimeongezewa kona." Kaka alikuwa amelala chali, uso umekuwa wa kijivu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti, mahali ambapo mguu haupindi, na damu ilikuwa ikilowesha soksi.

Simu haikuwa na mtandao. Lori la chumvi hupita mara moja kwa wiki, na lilikuwa limepita jana. Kivuli pekee kilikuwa cha pikipiki.

Kimya alichukua begi la spana. Alikata mpira wa tyubu kuukuu, akaweka vyuma viwili vya kufungulia tairi pande zote mbili za mguu, akaanza kuzungusha mpira.

"Kaza," kaka alisema kwa meno yaliyofungwa. "Hapo unanibembeleza. Kaza, nasema!"

Alikaza. Kaka alipiga yowe moja. Damu ilipungua, lakini haikukoma.

"Nyuma ni mbali," kaka alisema alipopata pumzi. "Mbele zimebaki kilomita ishirini na tano. Nikikaa hapa mpaka jioni, nimekwisha. Gurudumu linazunguka?"

Aliiinua pikipiki na kuisukuma. Gurudumu la nyuma lilikubali. La mbele lililima changarawe.

"Ni kutu hiyo. Pistoni zimeganda ndani ya kibanio, hicho kinachobana diski. Mwagia diski maji ipoe, halafu gonga kibanio kwa nyundo."

Kimya aliitazama ile chupa. "Maji haya ni ya kunywa, kaka."

"Fundi hapa ni nani?"

"Wewe."

"Basi mwaga!"

Hakumwaga. Aliiweka chupa mkononi mwa kaka, akamkunjia vidole juu yake. Hakuwa amewahi kumkatalia jambo.

Alijua si kutu. Siku nne kabla, kaka alimwambia aongeze mafuta katika kile kikopo cha breki kilicho kwenye usukani. Kwenye rafu ya gereji ya kaka kulikuwa na chupa mbili zinazofanana kama mapacha, zote na maandishi ya kigeni, madogo kama sisimizi. Kimya aliishia darasa la nne. Kiswahili alikisoma kwa kufuatisha kidole, yale hakuyaweza. Ukutani kaka aliandika kwa rangi, KUULIZA SI UJINGA, lakini aliyeuliza chini ya ukuta huo alichekwa na mafundi mpaka jioni. Basi akachagua moja na kumimina. Mchana akamwona kaka akichukua chupa ileile na kutia mafuta yake kwenye shokapu, zile springi za kupunguza mtikisiko. Akajiambia yalikuwa kidogo tu, akanyamaza.

Na maneno ya kaka kwa wateja aliyajua kwa moyo: "Mafuta mengine yakiingia kwenye breki, raba zinavimba kama maharage yaliyolowekwa. Mafuta yanakwenda, hayarudi."

Alitoa spana namba nane akapiga magoti. Nyuma ya kibanio kulikuwa na nati ndogo ya kutolea upepo. Kama kweli ni kutu, hata akiilegeza gurudumu litabaki limebanwa. Kama ni mafuta yaliyokataa kurudi, litaachia. Chuma kilimuunguza vidole. Alizungusha spana robo tu.

Mafuta yaliruka kwa nguvu. Ndani ya kibanio kitu kikasema *tik*. Akasukuma pikipiki, gurudumu likazunguka.

Mkononi mwake mafuta yalikuwa mekundu hafifu. Mafuta ya breki ya kaka yalikuwa ya manjano; mekundu yalikuwa ya shokapu. Alijifuta haraka ndani ya kitambaa chake cha kichwa, upande usioonekana.

"Umefanyaje?" kaka aliita.

"Nimelegeza nati. Twende."

"Nani kakufundisha?"

"Wewe. Twende, kaka."

Kupanda pikipiki kulichukua muda mrefu kuliko kuikarabati. Kaka alikaa nyuma, mguu umenyooshwa pembeni, na Kimya akazungusha tyubu ya pili viunoni mwao wote wawili akaifunga. Maisha yake yote alikuwa ameendesha pikipiki kuzunguka ua wa gereji tu.

"Breki ya mbele sahau," kaka alimwambia sikioni. "Una ya nyuma tu, kanyaga kidogokidogo. Gia ya kwanza. Mteremkoni usiguse klachi, injini itakushikilia."

Walishuka. Mawe yalikimbia chini ya tairi. Gurudumu la nyuma lilichepuka kushoto, mikono yake ikataka kuminya breki isiyokuwepo.

"Klachi, acha! Tazama unakokwenda, usitazame jiwe!"

Alitazama ng'ambo. Tairi likarudi. Walifika chini, wakavuka mchanga, wakapanda upande wa pili injini ikilia kama mtu.

Uwandani jua lilisimama utosini. Kila alipoona kaka anakuwa mzito, alisimama na kumpa maji kwa kifuniko cha chupa: kimoja cha kaka, nusu yake mwenyewe. Kisha paji la uso la kaka likaanza kugonga mgongo wake. Mara moja. Mara ya pili.

"Kaka! Sema kitu."

"Nimechoka kusema. Leo... zamu yako."

Basi Kimya akasema. Alisema kila alichokiona: jiwe jeupe, jiwe jeusi, mfupa wa ng'ombe, njia inapinda kulia. Alisema mpaka midomo ikapasuka. Vifuniko viliisha. Aliendelea kusema mpaka aliposema, "Mabati. Kaka, naona mabati," akasikia mgongoni kicheko kidogo kikavu.

Mpishi wa kambi ndiye aliyewaona kwanza. Alitupa mwiko. "Mama wee! Wamefungwa pamoja kama kuni! Dereva! Washa gari!"

Watu wa kambi wakakata tyubu kwa kisu. Ndani ya saa ileile kaka alikuwa nyuma ya gari la kambi, juu ya magunia, wakielekea zahanati, na Kimya kando yake na dumu zima la maji.

"Ningekuua," kaka alisema. Macho yake yalikuwa angani. "Nilikuwa nimeona kibanio kina kutu, nikasema nitasafisha nikirudi. Fundi gani mimi? Nikipona naifunga ile gereji."

Kimya alitazama vidole vya miguu yake. Gari liliruka shimo. Alikivua kitambaa cha kichwa, akakigeuza, akakiweka kifuani kwa kaka, doa jekundu likiwa juu.

"Si kutu, kaka," alisema. "Ni mafuta ya shokapu, na niliyatia mimi. Sikujua kuisoma ile chupa, na niliona haya kukuuliza."