Fundi Aliyeingia Bila Hodi

Saa mbili asubuhi watu walikuwa wamejazana mbele ya lifti, kila mmoja akihofia kuchelewa. Fundi wa kompyuta alikuwa amekumbatia kibodi mbili kifuani pale karani wa masjala, ndani ya gauni la njano lililopigwa pasi likanyooka, alipomgeukia.

"Kumbe ni wewe unayetuzimia mashine tukiwa katikati ya kazi?"

"Samahani dada. Nilikuwa narekebisha."

"Basi rekebisha bila kutusumbua. Una macho ya mtu mwenye akili, haitakushinda."

Maneno yale yalimwingia. Haukupita mwezi, akawa anahudumia kompyuta za ghorofa zote sita akiwa chumbani kwake kule chini, watu wakiendelea kuandika wala hawana habari. Hata lile swali lililokuwa likitokea kwenye skrini, kumwomba mwenye mashine ruhusa ya kutazama kazi yake, alilizima lisije likamkatisha mtu. Alijiona bingwa.

"Fundi wangu, mbona huji kunitengenezea?" karani alimuuliza kwa simu, maana kufikia hapo walikuwa wapenzi.

"Nilishamaliza, laazizi."

"Saa ngapi?"

"Ulipokuwa unaandika."

"Jini wewe," karani akasema huku akicheka. Posa ilikuwa imeshapelekwa kwa mjomba wake na kukubaliwa. Bado kupanga siku tu.

Jumanne moja, fundi akiondoa programu ya zamani kwenye mashine ya mchumba wake, alibonyeza sipo, skrini nzima ya karani ikamfungukia. Karani alikuwa anaandika barua: anaomba kuhamishiwa tawi la mji mwingine, kwa sababu za kifamilia. Fundi angeweza kufunga pale pale. Hakufunga. Alisoma mpaka mwisho. Ananikimbia huyu, akajisemea, na mdomo akaufunga.

Wiki tatu simu za karani hazikupokelewa, na zilipopokelewa jibu lilikuwa "nina kazi." Wiki ya nne akateremka mwenyewe, kitambaa cha kichwa amekifunga ovyo, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Waulize wa tawi lako jipya."

"Barua ile hajaiona mtu zaidi ya mkurugenzi. Wewe umeiona wapi?"

Macho ya fundi yakakimbilia skrini yake, na karani akaelewa.

"Kanuni za kazi hukuzisoma?" Sauti ya karani ilikuwa ya chini. "Mume na mke hawaruhusiwi ofisi moja, lazima mmoja ahame. Nikaona nihame mimi, wewe ubaki na mashine zako. Nilitaka nikwambie jibu likishatoka."

"Nisamehe. Nilibonyeza kwa bahati mbaya."

"Kubonyeza nimekusamehe. Na kusoma je? Na wiki tatu za kuninunia, mimi nalia najiuliza nimefanya nini, wewe umekaa kimya?"

"Nakuapia sitarudia."

"Kila nikiandika kitu nitakuwa nageuka nyuma. Siwezi kuishi hivyo nyumbani kwangu."

Kesho yake mjomba alituma ujumbe kwamba uchumba umevunjika. Fundi alibaki akitumaini kwamba barua angalau itafutwa, wabaki jengo moja, hasira zipoe. Karani hakuifuta. Ijumaa ruhusa ikatoka, na Jumatatu akaondoka kwenda mji mwingine, kwa ajili ya ndoa ambayo haikuwepo tena.