Breki ya Mkono wa Kulia

Wara Callisaya hakwenda soko la mji wa El Alto kutafuta mchumba. Alikwenda kutafuta mnyororo wa baiskeli. Alhamisi ile watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya reli, na akina mama wenye kofia za duara na sketi za marinda walikuwa wameketi nyuma ya mafungu ya spoku na pedeli. Wara, mwenye koti jekundu na nywele alizosuka mikia miwili, akanyoosha mkono kuchukua mnyororo. Mkono mwingine ukauwahi.

"Huo mfupi, dada. Ukipanda nao mlima utakuacha njiani."

"Wewe ni fundi au mganga?"

"Fundi. Uganga naanza leo. Naona utakunywa uji wa mahindi na mimi kabla jua halijawa kali."

Wakanywa. Jina lake Efraín Poma, kijana wa mashavu yaliyobabuka kwa jua, mtengenezaji wa baiskeli ambaye siku za mapumziko alishuka milima kwa njia zinazopitiwa tu na lama, wanyama wa mizigo wa milimani. Wara naye alizijua njia hizo. Kufika mwisho wa mwezi, alikuwa akimwita mpenzi bila kuona haya.

Mama yake, Basilia, muuza viazi, hakuuliza kama kijana ana nyumba. Aliuliza kama akifika juu huwa anashuka kwenye baiskeli. Kila mtu wa kule anajua: penye rundo la mawe, njia inapovuka mlima, unashuka, unaongeza jiwe lako, unaidondoshea ardhi tone la pombe, kisha ukiwa umesimama chini unabana breki moja moja. Wara akacheka, akasema anashuka, mama. Kwa kweli hakuwahi kumwona akishuka.

Siku walipokwenda pamoja, lori la viazi liliwapandisha hadi karibu na theluji. Efraín akampa Wara baiskeli yake mwenyewe, nzuri, yenye breki za mafuta, yeye akachukua ile kuukuu ya Wara. Akasema malkia hapandi chuma chakavu. Kumbe mapenzi nayo huwa na haraka ya kutoa, hata kabla ya kueleza kinachotolewa.

Wakafika juu. Mlima mweupe ulisimama mbele yao kama umewasogelea ili uwatazame. Chini ya miguu yao bonde zima lilikuwa limefunikwa na mawingu, na tai mkubwa alikuwa akizunguka chini yao, wakauona mgongo wake. Kimya kilikuwa kikubwa hata Wara alisikia damu ikitembea masikioni.

Akataka kushuka aokote jiwe. Efraín akatazama mawingu yakipanda.

"Mawe tutaweka siku nyingine, mpenzi. Tukichelewa hatutaiona njia."

Wakateremka. Njia ilikuwa nyembamba kama mshipi, upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa tupu. Wara alihisi kwamba dunia yote inapita kifuani mwake. Kisha ikaja kona. Akabana mkono wa kulia, kama alivyobana maisha yake yote, maana kulia ni breki ya nyuma. Lakini Efraín alianzia kwenye pikipiki, na baiskeli yake aliipanga kama pikipiki: kulia ni mbele. Gurudumu la mbele likaganda, Wara akaruka juu ya usukani. Alianguka kwenye nyasi kavu, hatua mbili kutoka ukingoni, mtulinga, mfupa wa begani, umevunjika.

Efraín alimfunga mgongoni kwa shuka, akamteremsha kwa saa tatu nzima, huku akilia. Ila hospitalini, Basilia alipouliza, akajibu kwamba njia ilikuwa na utelezi. Wara mwenyewe akaamini. Wiki nyingi alijilaumu kwa uzembe wake.

Simu za Efraín hazikukatika.

"Bega langu limeamkaje?"

"Limeamka na hasira. Mwenyewe bado amelala, piga baadaye."

Wiki ya sita daktari akamfungua bandeji. Nyumbani Wara akatoka uani, akaisukuma ile baiskeli ya Efraín iliyorudi na lori, akabana mkono wa kulia. Gurudumu la mbele likasimama. Akabana tena. Ndipo akakumbuka kwamba mwezi ule wa ajali mvua haikunyesha hata tone.

Hakumwambia mama yake. Aliacha simu iite. Aliitwa mpenzi, aliitwa malkia. Sasa alitaka kujua kama ataambiwa ukweli bila kuuomba.

Jumapili Efraín akaja, shati safi, kofia mkononi. Akasimama mbele ya Basilia aliyekuwa akimenya viazi.

"Mama, nilikudanganya. Hapakuwa na utelezi. Breki zangu zimegeuzwa, na sikumwambia. Wala sikumwacha ashuke."

Kisu cha Basilia kikasimama.

"Kwa nini hukusema siku ile?" Wara akauliza.

"Niliogopa utaniacha."

"Na leo huogopi?"

"Leo naogopa zaidi. Lakini wewe ulikuwa ukijilaumu, na mimi nikikusikiliza kwenye simu nikinyamaza."

Wara akamwambia jibu lake atalipata kule juu. Basilia akasema hawaendi bila yeye.

Akapanda lori na sketi yake ya marinda, mwanamke ambaye hakuwahi kufika kule. Alipouona mlima mweupe akavua kofia. Efraín akashuka, akaweka jiwe, akadondosha pombe. Wara akashika usukani wa baiskeli ya kijana.

"Ya kulia?"

"Ya nyuma. Nimezihamisha. Mkono wangu ndio utajifunza upya." Kisha kwa sauti ndogo, "Wara, nikuoe?"

"Muulize aliyenizaa."

Efraín akamgeukia Basilia, naye akasogea penye rundo la mawe. Aliweka jiwe lake, akainama, akabana breki za baiskeli zote mbili, moja moja, akasukuma kuona kama kweli zinashika.

"Teremkeni polepole," akasema.

Wakateremka, koti jekundu likitangulia. Basilia akabaki penye mawe akiwatazama wanavyozidi kuwa wadogo ndani ya ukubwa ule wote, na kila walipofika kwenye kona, mikono yake miwili ilibana hewa.