Inkeri za Mzee Rutayisire

Asubuhi, ukungu hulala mabondeni kule Kagugu, mpaka nyumba za upande wa pili zinaonekana kama zinaelea. Mzee Rutayisire alipenda kukaa barazani na kuutazama. Alivaa koti zito na kofia yake ya kahawia. Uji wake ulipoa mbele yake, ukafanya utando juu. Hakuugusa.

Binti yake, Scovia, alimwona kupitia dirisha la jikoni. Tangu mzee augue mapafu wakati wa mvua, chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Ndizi alizikataa. Maharage aliyasogeza kando ya sahani. Nguo zilimpwaya.

Asubuhi moja alimwita. "Scovia, nimeota."

"Umeota nini, Baba?"

"Nilikuwa Karagwe. Mama yako yuko mbele yangu, bado msichana. Tunachuma inkeri. Mlima wote ni mwekundu. Nakula, wala sishibi."

Scovia alikaa karibu naye. Familia yao iliishi Karagwe, Tanzania, miaka mingi kabla ya kurudi Rwanda. Ndiyo maana nyumbani walizungumza Kiswahili. Inkeri za kule, matunda madogo mekundu ya porini, ziliota zenyewe vichakani. Mama yake alikuwa amekwisha fariki.

"Ukizipata leo, utakula?" aliuliza.

"Nitakula," mzee alisema, macho yake yakiwa bado kwenye ukungu.

Manzi, mume wa Scovia, ndiye aliyepata habari za shamba moja la Gahanga. Mwenye shamba alilima stroberi, na watu walikwenda kujichumia wenyewe.

"Si zile za porini," Manzi alisema. "Lakini zimefanana nazo."

Jumamosi walipanda gari, wakavuka mji wote hadi Gahanga. Shamba lilikuwa kwenye mteremko. Matuta yalishuka taratibu hadi bondeni, na chini ya majani matunda mekundu yaling'aa kwa maji. Upepo ulileta harufu tamu. Mzee alisimama, akafumba macho.

"Karibuni," alisema Umulisa, mwenye shamba. "Muzehe, chukua kikapu."

Mzee hakuchukua kikapu. Alivua kofia yake, akaanza kuchumia humo. Moja aliweka kwenye kofia, moja mdomoni. Alitembea kati ya matuta polepole, kama mtu anayetembea ndani ya usingizi mzuri. Alizungumza peke yake kwa sauti ya chini. Kisha akacheka.

Scovia aliona mengi. Aliona tope kwenye matunda yaliyogusa udongo. Aliona mbwa amelala tutani. Aliona watu wakimwagilia kwa maji ya bondeni. Alitaka kusema, "Baba, ngoja tuzioshe kwanza." Lakini kicheko kile hakuwa amekisikia tangu mazishi ya mama. Akanyamaza.

Walipotoka shambani walipita Kicukiro kumsalimia ndugu yao. Stroberi zilibaki ndani ya gari, juani. Jioni Scovia alizimwaga zote kwenye beseni moja la maji. Akazitoa, akazifunika kwa kitambaa, akaziacha mezani. Jumapili mzee alikula tena, na Scovia alimshukuru Mungu.

Jumatatu asubuhi mzee hakuonekana barazani. Scovia alimkuta kitandani, anatetemeka kwa homa. Alikuwa ameharisha na kutapika. Midomo ilikauka. Macho yalizama.

"Mama yako amesema tupumzike kidogo," mzee alinong'ona.

Scovia alikimbilia mlangoni. "Manzi! Washa gari!"

Kwenye kituo cha afya walimwekea mzee dripu mara moja. Scovia alikaa pembeni, ameshika mkono wake mwepesi. Alijiona yeye ndiye aliyemlisha ugonjwa kwa mikono yake.

Yvonne, muuguzi wa kituo hicho, alikuwa jirani yao. Alipita mara kwa mara kumwangalia mgonjwa.

"Atapona?" Scovia aliuliza.

"Mmemleta mapema, dada. Mngechelewa, mwili wake ungeishiwa maji."

Mzee alipona. Lakini aliporudi nyumbani, Manzi alisema waziwazi, "Stroberi basi. Haziingii tena hapa."

Mzee aligeuza uso ukutani. Siku hiyo hakula, na siku iliyofuata alikunywa chai tu.

Scovia alikwenda kwa Yvonne, akamweleza yote: kofia, tope, mbwa, gari, beseni.

"Siwezi kuapa kwamba ni stroberi," Yvonne alisema. "Lakini kwa hayo uliyonieleza, nazishuku sana. Twende nikazungumze nao."

Alipofika, aliketi kando ya kitanda cha mzee. Manzi alisimama mlangoni.

"Muzehe, tunda si adui yako," Yvonne alisema. "Adui ni uchafu unaoligusa. Stroberi haina ganda la kumenya. Unaila nzima, na tunaila mbichi. Kinyesi cha mnyama, maji machafu, mkono usiooshwa, vyote unavimeza nayo."

"Nikiwa kijana nilikula vichakani, sikuugua," mzee alisema.

"Ulikuwa kijana. Leo mwili wako umechoka. Wazee, watoto wadogo, wajawazito na wagonjwa huumia haraka."

"Lakini mimi niliziosha," Scovia alisema.

"Uliziosha zote pamoja kwenye beseni. Moja ikiwa chafu, maji yake yanazifikia nyingine. Kisha ukaziacha na unyevu, kwenye joto. Vijidudu vinapenda hivyo."

"Sasa tufanyeje?" Manzi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imelainika.

"Mkifika shambani, naweni mikono kwa sabuni. Mwenye kuharisha asichume, abaki nyumbani. Chumeni kwenye chombo safi, msizirundike zikapondeka. Iliyogusa tope, iliyodonolewa na ndege, iliyooza, iacheni hapo hapo. Na msile shambani, Muzehe."

Mzee alikunja uso. "Hata moja?"

"Hata moja. Zikifika nyumbani, ziingie kwenye friji bila kuoshwa. Utaosha zile unazokula wakati huo tu, kwa maji safi yanayotiririka, bila sabuni. Vikonyo utavitoa baada ya kuosha. Kisha zikaushe kwa kitambaa safi."

"Na hapo vijidudu vyote vimekufa?" Manzi aliuliza.

"Hapana. Kuosha kunavipunguza, hakuvimalizi vyote. Kwa hiyo kwa sasa Muzehe ale zilizochemshwa vizuri. Mbichi zisubiri apate nguvu."

Yvonne alipoondoka, Scovia alimpigia simu Umulisa. Hakutaka ugomvi. Alimweleza yaliyowapata.

"Pole sana kwa Muzehe," Umulisa alisema. "Nimeumia. Lakini umefanya vizuri kuniambia. Wengine wangekaa kimya, na mimi ningeendelea vilevile."

"Maji yale ya bondeni, ng'ombe wanakunywa humo?"

"Wanakunywa, ndiyo. Nitabadilisha."

Wiki kadhaa zilipita. Jua la kiangazi likatoka, vilima vikawa na rangi ya asali. Siku moja Umulisa alipiga simu: "Njooni muone."

Getini palikuwa na tangi jipya lenye bomba, na sabuni pembeni. "Maji haya hapa, Muzehe. Kila mtu ananawa kwanza," alisema Umulisa. Mbwa alifungwa mbali, nyuma ya nyumba. Mipira myembamba ya kumwagilia ilidondosha maji safi kwenye mizizi, na majani makavu yalitandazwa chini ili matunda yasiguse udongo.

Mzee alinawa mpaka viwiko. Akachukua kikapu. Alichuma polepole, akilinusa kila tunda, na mara moja mkono ulipanda kuelekea mdomoni. Scovia alikohoa. Mkono ukashuka.

"Nilikuwa nanusa tu," mzee alisema.

Safari hii Scovia hakunyamaza, na mzee bado alicheka.

Walikwenda moja kwa moja nyumbani. Scovia alichemsha stroberi kwa sukari kidogo mpaka zikatokota na kulainika. Nyumba nzima ilinukia. Mzee alimaliza bakuli, akafuta rojo lililobaki kwa mkate. Kesho yake aliomba tena, na ndizi pia. Tumbo halikumsumbua. Nguo zikaanza kumkaa mwilini, na baada ya muda daktari akasema sasa anaweza kula mbichi zilizooshwa.

Jumapili moja, baada ya kutoka kanisani, Scovia alimkuta baba yake jikoni. Alikuwa ameinama kwenye bomba, akizungusha stroberi moja moja chini ya maji. Aliziweka kwenye sahani, akachukua fimbo.

"Unakwenda wapi, Baba?"

"Natoka."

Alifungua geti mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu augue. Scovia alibaki amesimama, mkono kifuani. Mzee alipanda barabara ya mawe taratibu, sahani mkononi, mpaka mlango wa Yvonne. Akagonga kwa fimbo. Yvonne akafungua, akatazama sahani, kisha akamtazama mzee.

"Zimeoshwa, Muzehe?"

"Kula, mwanangu," mzee alisema. "Nami nipe kiti."