Mpini wa Koleta

Asubuhi ile mtaa wa Isevya, mjini Tabora, ulikuwa na shughuli zake za siku zote. Wanawake walikuwa wakitwanga, muuza maziwa alikuwa akipita na baiskeli yake, na Nikolaus fundi magari alikuwa amelala chali kwenye viti vya mbele vya gari lake kuukuu, miguu nje, akitoboa tundu kwenye fremu ya kioo kwa drili ya mkono. Majirani walimwona wakafurahi. Tangu amzike mkewe mwezi wa pili, hawakuwa wamemwona akishika kazi kwa moyo namna ile.

Gari lenyewe lilikuwa la kizamani hata kwa enzi zile za Mwingereza. Alilinunua kwa Mgiriki mmoja wa tumbaku aliyechoka kulisukuma. Lilikuwa na waipa moja tu, upande wa dereva, nayo haikuwa na mota. Juu ya kioo, kwa ndani, palikuwa na kishikio kidogo, na mtu alikipeleka kushoto na kulia kwa mkono. Mvua ikinyesha, dereva alihitaji mkono wa tatu.

Mkono huo ulikuwa wa Koleta. Nikolaus alimchongea mpini mrefu wa mninga, akauunga kwenye kile kishikio ili mkewe aufikie akiwa amekaa kiti chake cha kushoto. Koleta aliuringia mpini ule kuliko khanga mpya. "Wewe shika usukani tu," alikuwa akimtania. "Macho yako ninayo mimi."

Mwezi wa pili Koleta alikuwa kwao Ipole, akimsaidia mama yake kukausha tumbaku, homa ikamkamata vibaya. Nikolaus akamfuata na gari ampeleke hospitali ya Tabora. Njia nzima ilikuwa mvua na matope. Alimwambia alale kiti cha nyuma, Koleta akakataa. Alisema, "Utaionaje barabara?" Akaushika mpini.

Nikolaus alikaza macho mbele. Tairi zilikuwa zikiteleza, na moyo wake ulikuwa umeshafika hospitali. "Endelea, mke wangu," alimwambia. "Usiache mpaka tufike." Koleta hakujibu, lakini waipa iliendelea, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Njia nzima hakugeuka kumtazama.

Muuguzi aliyefungua mlango wa kushoto alimgusa Koleta mkono. Kisha akasema taratibu, "Pole, baba. Huyu ametutoka kitambo. Ameshakauka." Vidole vyake ilibidi vibanduliwe kwenye mpini kimoja kimoja. Nikolaus aliwaeleza kwamba waipa ilikuwa ikifuta mpaka wanaingia getini. Hakuna aliyembishia, na hakuna aliyemtazama usoni.

Mvua zilizobaki msimu ule, mpini ulicheza wenyewe. Mara ya kwanza Nikolaus aliliacha gari njiani akakimbia. Baadaye akazoea, na akafika mahali pa kuitamani mvua inyeshe. Kilichomshinda ni kwamba mpini ulizidi kuwa mzito. Ulikwenda kushoto, ukasimama, ukarudi kwa shida, kama mkono wa mtu aliyechoka asiye na wa kumpokea. Alimlilia mkewe mle garini kuliko alivyomlilia kaburini. Basi kiangazi chote alitafuta mota ya waipa, akaipata kwenye lori bovu la jeshi lililobaki tangu vita. Koleta alikuwa bado kazini, na mumewe alitaka apumzike. Hilo ndilo jambo pekee alilolitaka duniani.

Mama mkwe wake, Bernadeta, alifika mchana, amekuja mjini kwa misa ya kumwombea marehemu. Alisimama mbali kidogo, uso kaupeleka pembeni, kama wakwe wanavyofanya kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unafanya nini humo?"

Nikolaus hakumficha. Alimweleza yote, mvua baada ya mvua. Bernadeta alisikiliza mpaka mwisho, hakushangaa.

"Babu yangu alikuwa mpagazi," akasema. "Alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani. Alituambia, mpagazi akifa na mzigo begani, mwenzake lazima auchukue kwa mkono wake na kumwambia, lete, nimepokea. Wasipofanya hivyo, wakigeuka nyuma wanamwona anafuata msafara." Akaunyoshea mpini kidole. "Wewe ulimwambia mwanangu asiache. Nani amempokea?"

"Mota itampokea, mama. Haichoki."

"Mota haina mkono, baba."

Nikolaus alimheshimu sana mama huyu, lakini alikuwa mtu wa spana na nyaya, na nyaya zilikuwa zimeshafungwa. Alibonyeza swichi. Waipa ikanguruma, ikaenda, ikarudi, nyepesi kabisa. Akaufungua mpini wa mninga, akaufuta mafuta, akautundika chumbani kwenye msumari, kando ya gauni la Koleta la kanisani. Usiku ule alilala vizuri.

Mvua ya kwanza ya Novemba ilimkuta mchana kwenye barabara ya Ipole, akirudi kutoka kumrudisha Bernadeta kwake. Alibonyeza swichi. Kioo kikawa safi. Aliiona barabara yote, miti ya miombo huku na huku, na pale mbele ilipoungana na njia ya zamani ya wapagazi. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Ndani hakuna kilichocheza. "Pumzika, mke wangu," akasema, na sasa alijua amebaki peke yake.

Akatazama kioo cha pembeni.

Nyuma, kwenye mvua, palikuwa na mwanamke anatembea.

Alikuwa peku. Khanga imemgandama mwilini. Mkono mmoja ameuinua mbele ya uso. Unakwenda kushoto. Unakwenda kulia.

Nikolaus akasimamisha gari. Akashuka, akarudi nyuma akiita jina. Palikuwa na maji tu na matope. Akarudi garini, akaondoka. Akatazama kioo. Yupo. Akaongeza mwendo. Yupo vilevile, wala hakimbii. Anatembea.

Ndipo alipoelewa alichofanya. Hakumpokea mkewe kazi. Alimnyang'anya kiti.

Akapunguza mwendo. Alirudi mpaka Isevya taratibu kama msafara wa wazee, huku akilia, ili asimchoshe. Watu waliokuwa barazani walimwona akipita, wakashangaa kwa nini anaendesha hivyo kwenye mvua. Mmoja wao, Ngollo mshona viatu, alisema baadaye kwamba mbwa wote wa mtaa waliingia ndani gari lilipopita, na hawakutoka mpaka kulipokucha.

Chumbani, mpini ulikuwa ukibembea kwenye msumari. Aliushika. Ulikuwa umelowa, na pale pa kushikia palikuwa na joto.

Akatoka nao mvuani. Akaing'oa ile mota, akaitupa uani, akaurudisha mpini mahali pake. Kisha akazunguka, akaingia kwa mlango wa kushoto. Hakuwahi kukaa kiti kile. Gari lilikuwa limezimwa, halikuwa likienda popote. Akaushika mpini kwa mikono miwili.

"Lete, Koleta," akanong'ona. "Nimepokea."

Mpini ulikuwa mzito. Mkono mwingine ulikuwa chini ya wake, baridi, mdogo, anaoujua. Walifuta pamoja. Kushoto. Kulia. Kisha ule mkono ukatoka.

Mpini ukawa mwepesi.

Nikolaus hakuacha. Mvua ilikuwa bado inanyesha, naye aliogopa kwamba akiacha, mkewe ataona kazi haijapata mtu. Aliendelea kufuta, macho kwenye kioo, machozi yakimshuka. Upande wake wa kulia, kwenye kiti cha dereva, alisikia springi zikishuka. Akasikia pumzi. Ilikuwa ndefu, ya mtu aliyefika nyumbani akakaa. Kwa hofu hakugeuka. Alifuta tu. Pumzi ile ikakaa naye mvua nzima, ikizidi kuwa ndogo, mpaka mvua ilipokatika na kukawa kimya.

Tangu siku ile mpini haukucheza tena, na hakuna aliyeonekana barabara ya Ipole. Bernadeta alipopelekewa habari na Nikolaus alipiga ishara ya msalaba, akashukuru. Kisha akauliza, uso pembeni, "Na wewe ulimwona?"

Nikolaus hakuwa amemwona. Alikuwa amegeuka kutazama mvua ilipokwisha, si kabla. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, kimebonyea katikati, na maji yakidondoka ukingoni. Kiangazi kilipita, na kingine, jua la Tabora likakausha hata visima. Kile kiti, ukikiwekea kiganja, kilikuwa bado kimelowa.